Kikohozi Changu Kwenye Simu Yako

Kwako Mama, mzazi wa Mwikali wangu,

Sijawahi kukuandikia. Kusema kweli, sijawahi hata kukuambia maneno yanayozidi mstari mmoja. "Mama, habari ya hapa?" "Ni mzuri. Watoto wako aje?" "Wako salama." Basi. Hapo ulikuwa umeshageukia jikoni, nami nimeanza kuwatazama mbuzi wako kana kwamba nimekuja kuwanunua. Tangu nimwoe binti yako tuliishi hivyo, na hakuna aliyeona kasoro. Sisi Wakamba tunaiita nthoni, ile haya ya mtu na mama mkwe wake: hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia mama wakwe mpaka kwenye picha. Mimi na wewe tulibaki watu wa zamani, na nilijivunia hilo.

Halafu kulikuwa na kikohozi. Unakumbuka. Nikishaegesha gari hapo kwako Katangi, kabla sijagusa lango lako, nilikohoa mara mbili kwa nguvu ili upate nafasi ya kujifunga leso na kuondoka barazani. Mwikali alinicheka, akisema nakohoa kama gari lililokataa kuwaka. Nilimjibu kwamba huo ndio ustaarabu na mama yake anauelewa. Leo nakuandikia kwa sababu ya kikohozi hicho. Naona aibu kiasi kwamba hata hapa dukani nimegeuza kiti, naandika nikitazama ukuta.

Nianze na simu yako, ile kabambe nyeusi ya vibonye. Baada ya mazishi yako ilibaki mfukoni mwa aproni yako, na aproni ikalowekwa kwenye beseni pamoja na nguo nyingine. Mwanao Mutua akanipigia. Kwa kuwa nauza nyaya na balbu mjini Machakos, ukoo mzima unaniona fundi wa kila kitu, na mimi sijawahi kuwakosoa. Nikamwambia kwa sauti ya mjuzi, "Ifukieni kwenye mchele, utanyonya maji." Mchele haukuwepo. Ndengu zilikuwepo, pipa zima, basi akaifukia humo. Mimi, mtoto wa huku huku, nilisahau kwamba ndengu za akiba hupakwa dawa ya wadudu. Simu ilinifikia ikiwa na unga mweupe katika kila tundu, umeshikana na maji ukawa kama uji uliokauka.

Mwikali hakuwa na haja na simu. Alitaka sauti. Jumamosi zote zile ambazo Mwikali na watoto walishinda kwako, binti yetu Kalekye alikuwa akibonyeza kitufe cha kurekodi wewe ukisimulia. Hazikuwa kwenye kadi ya kuchomoa, zilikuwa tumboni mwa simu yenyewe. Na kati ya hizo kulikuwa na moja. Unajua Mwikali alimpoteza baba yake kabla hajaijua sauti yake. Alijua tu kwamba mlikutana mkivuka mto Athi ulipokuwa umefurika, na kwamba alikuambia neno moja pale majini ambalo ndilo lililokufanya uolewe naye. Kila alipokuuliza neno gani, ulicheka. Kisha Jumamosi moja, yeye akiwa shambani anachuma mbaazi, ukaanza kumsimulia Kalekye. Kalekye bado ni mdogo. Anakumbuka maji na kiondo, neno halikumbuki.

"Iko kwa simu, mum. Mimi ndiye nilirekodi," alimwambia mama yake.

Basi Mwikali akaniambia, "Nitolee hiyo moja tu. Hizo zingine hata zikipotea, ni sawa."

Mafundi wa simu mjini waliitazama wakanirudishia. "Bodi imekufa, mzee. Nunua ingine." Sikukubali. Nilijua ni nani aliyesema ifukiwe kwenye nafaka.

Niliifungua, nikaisugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, nikaianika juu ya bati nimeifunika kwa chujio kuku wasiichukue. Betri ilikuwa imevimba, kwa hiyo nilivuta nyaya mbili kutoka kwa betri ya simu nyingine, nikazibana kwa vibanio vya nguo. Ikatetemeka. Nilipiga kelele mpaka mteja akaacha balbu zake akatoka. Lakini kioo kilibaki cheusi, na simu isiyoonyesha kitu utaiamrisha vipi? Nikaenda sokoni nikanunua kuukuu inayofanana nayo, nikaziweka bega kwa bega. Nilichobonyeza kwako nilibonyeza na kwenye ile nzima, nitazame kwake nijue nimefika wapi kwako. Siku moja nikapotea njia, na ile nzima ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta zote. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe chako. Niling'oa vibanio vyote kwa mpigo mmoja, nikaketi sakafuni.

Nilipozifikia rekodi, njia ya kuzitoa ilikuwa moja: simu yako iseme na simu yangu irekodi. Dukani kuna kelele, kwa hiyo niliingia garini, nikafunga vioo, jua la saa saba likiwaka. Hapo ndipo aibu ya kwanza ilinikuta, Mama. Tulikuwa tumefungiwa ndani ya gari, mimi na wewe.

Utakumbuka nilivyokupeleka hospitali. Ulikaa nyuma ya kiti cha Mwikali, nami niligeuza kile kioo cha ndani kikatazama paa, tusije tukakutana macho. Njia nzima sikukusikia ila ukiguna kwenye matuta. Sasa ulikuwa unacheka hadi unakohoa. Ulikuwa unaimba wimbo wa mabinti unaotaja mambo ambayo mkwe hapaswi kuyasikia. Ulimwambia Kalekye akukune mgongo, "hapo, chini kidogo, hapo hapo." Nilishuka garini nikasimama juani, nikaziacha simu mbili zizungumze zenyewe. Wapita njia walidhani nimefungia funguo ndani.

Nililazimika kurudi, maana kila rekodi ilipoisha ilibidi nibonyeze ya pili. Ndipo nikagundua zinavyoisha. Mbwa wako anabweka. Gari linazimwa. Kisha mtu anakohoa mara mbili, kwa nguvu, kwa ustaarabu wote. Na wewe unasema, "Zima hiyo kitu, Kalekye. Baba yako amekuja." Kwisha. Hadithi ya fisi ilikatika fisi akiwa bado mlangoni. Wimbo ulikatika kwenye kiitikio. Ulipokuwa unaeleza jinsi ya kuanza kusuka kitako cha kiondo, maelezo ambayo leo Mwikali angeyafuata uzi ukiwa mkononi, nikakohoa. Nilikuwa naja kuwachukua jioni, na kila jioni nilifika na upanga wangu kooni.

Nikafanya jambo la kijinga. Nilikata kikohozi na yote yanayokifuata kwenye kila rekodi ndipo nikampa Mwikali. Alisikiliza akiwa ameketi kitandani, leso yako magotini, akalia, akacheka. Kisha akauliza, "Mbona zote zinakatika vibaya hivi?"

"Ni simu," nikasema. "Si iliingia maji."

"Na ya mto?"

"Bado naitafuta."

Nilikuwa nimeshaipata. Nilikuwa nayo mfukoni.

Unasema hivi, Mama, kwa sauti ya mtu anayeona anachokisema: "Maji imenifika hapa kwa kifua. Kiondo iko kwa kichwa, na ndani ni mbegu, siwezi kuachilia. Nikaona kijana ng'ambo ameshika kamba. Akaingia majini na viatu zake. Akanikaribia, akaniangalia hivi, akaniambia..."

Nakohoa mara mbili.

"Asi! Baba yako huyo. Zima, zima."

"Susu, malizia kwanza!" Kalekye anakusihi wewe bibi yake.

"Nitamaliza akienda."

Kalekye alibonyeza, lakini alibonyeza vibaya. Simu haikuzimika, ikaendelea kusikiliza ikiwa kwenye aproni yako. Nasikika nikisema asante kwa chai, huko nje kwenye kiti kilichoegemea ukuta wa jikoni. Naikumbuka siku hiyo. Nilikuwa nimeshusha mizigo ya duka tangu alfajiri. Kikombe kinawekwa chini. Halafu, Mama, nakoroma. Nakoroma kama mashine ya kusaga posho. Kalekye anaanza kucheka, nawe unamkatiza kwa kunong'ona, "Nyamaza. Mwache alale, amechoka. Hiyo kuku ifukuze polepole." Baada ya hapo husikiki tena. Ni mkoromo wangu tu, mpaka nafasi ya simu ikajaa.

Niliamka giza likianza kuingia. Niliona haya, nikawaharakisha wote garini. Jumamosi iliyofuata ulikuwa mgonjwa, huwezi hata kuketi. Ulikuwa na neno la mume wako mdomoni, na ukalimeza ili mimi nilale.

Juzi nilishindwa kuendelea kuificha rekodi hiyo. Nilimpa Mwikali zote upya pamoja na vikohozi vyangu, hiyo ya mto ikiwa ya mwisho. Nilimwambia ukweli nikiangalia viatu vyangu, kama ambavyo ningekuambia wewe. Akasikiliza mto, akasikiliza kikohozi, na uso wake ulipobadilika nilitamani anipigie kelele. Akasikiliza kuku anavyofukuzwa. Mkoromo ulipoanza nikanyoosha mkono nizime.

"Wacha."

"Hapo hakuna kitu tena, Mwikali. Ni mimi nakoroma."

"Wewe nimekuzoea," akasema. "Mama anapumua. Sikiliza."

Nikainamisha kichwa. Ni kweli, Mama. Simu ilikuwa kwenye aproni, karibu na kifua chako. Mtu akiacha kunisikiliza mimi anakusikia wewe, pumzi yako nzito ya kupanda mlima hata ukiwa umeketi. Mwikali alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Tulikaa hivyo, yeye akikusikiliza wewe, mimi nikijisikiliza nimelala usingizi wa mtu asiye na habari.

Lile neno halikupatikana. Nimebonyeza kila kona ya simu yako, halipo, na baada ya hapo simu yenyewe haikutetemeka tena. Mwikali hajanilaumu, na sijui nifanye nini na kutolaumiwa huko. Nikimwona akiosha vyombo, nadhani anajaribu maneno, moja baada ya jingine, kuona lipi lingemfanya msichana aliye majini mpaka kifuani amfuate mwanaume.

Jumamosi tunakuja Katangi kusakafia kaburi. Mwikali ataiweka hiyo sauti kwenye spika, ndugu zake waisikie, na mkoromo wangu wataupata bure. Najijua. Nitaegesha gari, nitafika langoni, na kabla sijaligusa nitakohoa, maana mwili huu haujui njia nyingine ya kuingia kwako.

Nikikohoa, Mama, usiinuke. Kaa hapo hapo. Malizia.

Mkweo, aliyelala kwenye kiti chako