Gari Lililogoma Uani

Tabora, Jumatano

Hata hivyo limeunguruma. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Mimi niliyeishia kidato cha pili nimeng'oa injini ya gari la Mjomba Seif, nikaweka kubwa zaidi, kisha nikafunga difu ya mbele ili magurudumu yote manne yavute, si ya nyuma peke yake. Ijumaa Mjomba anataka kuvuka tope la Usinge na mizigo yake ya khanga. Likishindwa, narudi dukani kwake kukunja khanga. Mimi! Kukunja khanga!

Basi leo jioni mtaa mzima ulijaa uani. Mjomba akasoma dua, nikatia gia.

Gari likatetemeka palepale. Magurudumu ya nyuma yakaenda mbele, ya mbele yakarudi nyuma, yote yakazidi kuzama, mchanga ukaruka mpaka kwenye vikombe vya kahawa vya wazee. Kumbe difu nimeifunga chini juu, inazungusha kinyume.

"Fundi," akaita binamu yangu Zuhura, "linaenda Usinge au Dodoma?"

"Limekupenda wewe, linashindwa kuondoka," nikamjibu, jasho linanitiririka.

Mjomba akainama, akachungulia chini ya gari kwa muda mrefu. Nikajua khanga zinaniita.

"Shimo la taka nimekuomba tangu Ramadhani," akasema. "Leo umechimba."

Amenipa kesho tu niigeuze difu. Naogopa, sisemi uongo. Halafu, alipokuwa anaingia ndani, Mjomba akageuka:

"Kama utakosea tena, lisukume kwanza mpaka pale tunapotaka shimo la choo."