Mnyoo Mmoja Amebaki

Kaka Zuberi,

Cheka kwanza, maana najua utacheka: nimeiua bahari yako.

Lile sanduku la matumbawe ulilokuwa ukiliulizia kila siku lilifika siku nne baada ya kukuzika. Shemeji akaniambia, "Chukua na tangi lake, wewe ndiye mwanafunzi wake." Mwanafunzi! Miaka yote niliyokaa sebuleni kwako Ujiji nikilitazama hilo tangi la maji ya chumvi, nilikuwa nafuata kahawa. Lakini kichwa kilivimba. Nikalihamishia kwangu Bangwe, nikavaa miwani, nikajiita fundi.

Unakumbuka siku niliyomshika kwa mkono mtupu yule mnyoo mwenye vishungi vyekundu? Ulinibandika plasta kidoleni, ukaibandua ikatoka na miiba ya mnyoo, huku machozi ya kicheko yanakutoka: "Sasa umemjua. Huyo ndiye wa kutoa." Mkono ukavimba, mke wangu akanilisha ugali siku mbili. Wale wa waridi, wenye nywele nyeupe nyembamba, ulisema niwaache, ndio wafagiaji wa tangi. "Mwangalie kwanza anakula nini, Hamisi."

Sikuangalia. Nilifunga mapazia mchana, nikawasha tochi, nikawaona wanachungulia kwenye mashimo ya mawe, mapya na ya zamani. Kidole kikakumbuka. Wote nikawaona wekundu. Basi nikafanya tunavyofanya kazini na samaki wetu wa mapambo: kinachotia shaka, kisuuze kwa maji ya ziwa. Ndoo nzima, kaka. Matumbawe, mawe, kila kitu. Sisi wa Kigoma tunaamini ziwa linasafisha chochote. Minyoo wakadondoka kama tambi, nami napiga mluzi.

Siku ya tatu tangi likanuka. Matumbawe yakatoa ute, yakabaki mifupa myeupe. Ndipo nikafungua daftari lako, lililokuwa juu ya tangi muda wote. Umewachora minyoo wote, wa kuacha na wa kutoa, na chini umeandika: "Maji ya ziwa yanaua matumbawe. Mkumbushe Hamisi."

Shemeji huja kila Ijumaa kuitazama bahari yako. Anauliza, "Matumbawe yanaendeleaje?" Namwambia yamelala, yamechoka na safari. Uchovu wa safari, miezi miwili sasa! Naye ananishukuru. Ananishukuru, Zuberi.

Nimebadilisha maji, nimeweka chumvi mpya. Hakuna kitakachorudi. Amebaki mnyoo mmoja wa waridi, jiwe la nyuma kabisa. Nikimwekea kipande cha dagaa, anatoka, ananyakua, anarudi. Sijui aliponaje. Huwa nakaa pale namtazama anakula. Sasa ndiyo naangalia.

Ijumaa hii nitamwambia shemeji, kabla hajakaa. Nitampa na daftari, asome mwenyewe ulivyonijua. Mnyoo nitamlisha mpaka siku yake ifike. Na siku hiyo maji yote nitayamwaga mchangani nyuma ya nyumba, mbali na ufuko, kama ulivyoniapisha: vya bahari visiguse ziwa. Hilo moja sitalikosea.

Mtu wa Tanga wewe, ulijifunza neno moja tu la Kiha, salamu ya asubuhi, ukatusalimia nalo hadi magharibi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukusahihisha.

Hapa ni jioni. Mwakeye, kaka.

Wako, Hamisi