Yule Mdogo wa Msitu wa Pwani

Baba,

Viatu vyangu viko mlangoni na Mama ameshauliza mara mbili vimetoa wapi udongo mwekundu namna ile. Nimemwambia nitamweleza baada ya Magharibi. Nimeona nianze na wewe, maana wewe ndiye niliyekudanganya.

Nimerudi jana kutoka Pwani. Nilikwenda kwenye ule msitu, Baba. Safari hii nilifika kweli.

Unakumbuka siku uliyonituma. Miguu yako ilikuwa imevimba, hukuweza tena kufika hata langoni pa hifadhi, wewe uliyetembeza wageni kando ya ziwa miaka yote ukiwaonyesha ndege. Ulinivalisha darubini yako shingoni, ile ambayo mkanda wake uliushona kwa kamba ya kiatu, ukasema, "Enda uniangalilie yule mdogo." Hatukuwa tukimtaja kwa jina. Mama alikataa katakata neno bundi litamkwe na wewe uko kitandani. "Mnataka kuleta balaa kwa hii nyumba?" Basi tukamwita yule mdogo: bundi asiyezidi kikombe cha chai, anayeishi katika msitu wa kule alikotoka Babu kabla ya kuja Nakuru kufanya kazi ya reli. Wewe mzaliwa wa Bondeni, hapa Nakuru, uliwajua ndege wa ziwani kama majirani, ila huyo wa kwenu ulimjua kwa kitabu tu.

Sikufika, Baba. Niliishia Mai Mahiu, njiani tu. Gari liliposimama abiria wanywe chai, nilishuka na nikashindwa kupanda tena. Niliwaza kwamba sisi Waislamu maiti hatumlazi, huzikwa siku ile ile, na kwamba ukifa nikiwa Pwani nitakuta kaburi limeshafukiwa. Nikaenda kwa Wambui, rafiki yangu wa shule, mwenye kibanda cha chai pale malori yanapoegeshwa. Siku nne nilimwoshea vikombe, simu ikiwa mfukoni mwa aproni. Kama ningepigiwa, ningefika nyumbani kabla hujaoshwa. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na sikuwa na nyingine.

Siku ya tano nikarudi, nikakwambia nimemwona. Ukurasa wake kitabuni nilikuwa nimeukariri: macho ya manjano, manyoya ya kijivu, mabaka meupe. Uliniuliza swali moja tu. "Alikuwa peke yake?" Nikajibu ndiyo, peke yake, kwenye tawi la chini. Ukanitazama miguuni. Kisha ukasema, "Sawa. Umechoka, enda uoge."

Wiki mbili baadaye ulituacha, mkono wako ukiwa ndani ya wangu. Nilikuwepo. Nilipata nilichokitaka, na tangu siku hiyo sijakifurahia.

Si uongo wenyewe ulionikosesha raha, Baba, ni daftari. Lile daftari lako lenye jalada gumu, lililojaa ndege kila ukurasa, na hamna humo hata mmoja ambaye hukumwona kwa macho yako. Nikiwa na miaka tisa niliandika korongo kwa sababu wageni wote walisema wamemwona. Ulichukua rula ukamkata kwa mstari ulionyooka, bila hasira. "Wacha maneno mingi. Andika tu chenye umeona." Na yule mgeni aliyeona mkia ukipotea kichakani, akataka umkubalie kwamba ameona ndege mzima! Ulikataa, akanuna mpaka hotelini. Sasa nikawaza: kama uliniamini, ulimwandika yule mdogo. Basi daftari lako lote lina uongo mmoja, na uongo huo ni wa mwanao. Sikulifungua. Nililifunga kwa kitambaa nikaliweka chini ya nguo zangu, na kila nilipofungua kabati nilijua liko pale.

Mambo mengine yamebadilika kidogo kidogo. Ziwa limezidi kupanda. Ile miti tuliyokuwa tukiegemeza baiskeli imesimama majini, mikavu, na ndege mnandi wameifanya kijiji. Mama alimpa Mzee Juma koti lako. Mwezi uliopita nililiona sokoni kwa nyuma, nikaita "Baba!" mbele za watu. Mzee Juma aligeuka, akanishika bega. Nililia pale pale kwenye vitunguu, nikasingizia vitunguu.

Siku ile ndipo niliposema nitakwenda.

Msitu wenyewe, Baba, haukujipamba kwa ajili ya wageni. Tuliingia alfajiri na mapema, mimi, mwalimu mmoja mstaafu na mkewe, tukimfuata Katana, kijana wa vijiji vya pale anayetembeza watu. Kuna sehemu ya mchanga mweupe na miti mirefu, halafu ghafla udongo unakuwa mwekundu na vichaka vinafungana kiasi kwamba unapita kwa kuomba ruhusa. Tulimwona mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Ungecheka mpaka ukohoe. Katana anatembea kama wewe. Anasikiliza kwanza, anatazama baadaye, na akionyesha kitu hanyooshi kidole, ananyoosha mkono mzima taratibu.

Kwenye kichaka kimoja alitusimamisha, akainama akaingia peke yake. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alisema kwa sauti ya chini, "Njooni mmoja mmoja. Dada, anza wewe."

Nilipiga magoti. Nilikuwa namtafuta yule wangu: wa kijivu, peke yake, tawi la chini. Nikampata. Na ubavuni mwake, wamegusana mabega, alikuwapo wa pili, mwekundu kama udongo ule. Walinitazama kwa macho nusu, wakayafumba.

Nikamnong'oneza Katana, mbona wawili? Akasema, "Hawa mchana hukaa hivi, dada, mume na mke. Ukiambiwa mmoja peke yake, uliza tena."

Wewe uliuliza, Baba. Uliuliza mara moja tu, ukaniachia. Na uliponitazama miguuni, nadhani uliona viatu vina vumbi jeupe la Mai Mahiu, wala si udongo mwekundu wa kule. Si wewe uliyenifundisha kwamba ndege akikutatiza utazame miguu yake kwanza, kwa sababu manyoya hudanganya?

Nilikaa kwenye gogo, nikatoa daftari lako nililokuja nalo, nikafungua kitambaa. Mke wa mwalimu akanishikia darubini. Ukurasa wa mwisho mwandiko wako umepinda, kalamu imekwama hapa na pale. Mstari ni mmoja.

"Yule mdogo: bado. Zuhura ataenda."

Bado. Hukuniamini, na hukunikasirikia. Wiki mbili ulinishika mkono ukijua, ukanywa uji wangu ukijua. Nimekulilia tangu ulipokufa, lakini pale kwenye gogo ndipo nilipolia kama mtoto aliyeonekana alikojificha.

Nisamehe. Najua umeshanisamehe, ila nataka kuomba kwa mdomo wangu, kama ulivyotaka vitu viombwe.

Sikuongeza kitu kwenye daftari lako. Kalamu nilikuwa nayo, na mkono ulinishawishi nimwandike kwa ajili yako. Lakini hukumwona, Baba, na "bado" yako ni ya kweli kuliko chochote ambacho ningeandika juu yake. Nimenunua daftari langu. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja.

Leo nitamweleza Mama yote, tangu kibanda cha Wambui, na nitamtaja bundi kwa jina lake. Balaa kama ilikuwa ije, ilikuja bila kuitwa. Jumamosi nitashuka ziwani na darubini yako, na atakayetaka kutembea nami nitamwonyesha ninachokiona, nisichokiona nitamwambia sijakiona. Hiyo ni ahadi.

Mungu akupanulie kaburi lako, Baba, akutie nuru. Pumzika. Swali lako uliloniuliza nililijibu vibaya, acha nilijibu upya.

Hakuwa peke yake.

Mwanao,
Zuhura