Harufu Si Neti

Soko la Kwa Vonza,
Kitui.
12 Oktoba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mbaluka,

Nakusalimu kwa jina la Bwana kutoka hapa Kwa Vonza. U hali gani na joto la Doha? Kile kikohozi cha vumbi kimekuachilia? Na yule mwenzako wa chumbani anayekoroma, walimhamisha au bado unalala na mto masikioni? Sisi tuko salama. Watoto wanasoma, mume wangu Munyao bado analalamikia goti lake, na mbuzi wawili wamezaa. Hayo ndiyo mazuri, na nimeyatanguliza kwa sababu uliwahi kuniambia barua zangu huanza vita kabla ya salamu.

Barua hii inaletwa na Kusow, kijana wa Mama Deqa mwenye duka hapa sokoni, ambaye anarudi kazini huko Jumatano. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu zangu siku hizi hukuta uko kazini, na ujumbe wangu unaujibu kwa kile kidole gumba cha njano. Karatasi haina kidole gumba. Tafadhali kaa chini usome yote.

Ni habari ya mafuta ya mbu, na ni habari ya mama yetu.

Nianze mbali kidogo, maana wewe uliona picha tu. Unajua kikundi chetu cha akina mama kumi na wawili kilipanda sitronela, ile nyasi inayofanana sana na mchaichai. Inafanana hadi mke wa pasta alikata kidogo akaitia kwenye chai, akatuambia chai yetu ina ladha ya sabuni. Tunaivuna kwa mwethya, vile mama zetu walivyokuwa wakichimba matuta. Leo tuko shamba la Kanyiva, kesho langu, na anayechelewa ndiye anayechota maji. Majani yanakaa kivulini siku moja yanyauke, halafu tunayashindilia kwenye pipa juu ya maji yanayochemka. Mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, unadondoka upande wa pili, na mafuta yanaelea juu. Magunia kumi ya majani yanatoa chupa mbili tu za soda. Ni kazi, Mbaluka. Mgongo wangu unaijua.

Kwa mafuta hayo tunatengeneza mishumaa ya harufu, sabuni za kipande, na yale ya kupaka ya kufukuza mbu. Yale maji yanayobaki tunapigia deki, na nyumba zetu zinanukia kama hoteli.

Mafuta yenyewe ni mazuri, na sitaki usome barua hii ukadhani nimeyachoka. Yanafanya kazi, lakini kwa muda wake. Mimi na Kanyiva, mwenyekiti wetu, tuliyapima wenyewe. Tulikaa kando ya bwawa saa moja jioni, kila mtu amepaka mguu mmoja na kuacha mwingine, simu katikati yetu ikihesabu dakika. Mguu mkavu ulianza kuliwa papo hapo. Mguu wa mafuta ulikaa saa moja na dakika ishirini, kisha mbu wa kwanza akatua juu yake bila haraka, kama mtu aliyerudi kwake. Na harufu ilikuwa bado ipo! Tuliinusa sote wawili. Harufu ilibaki, kazi ilikuwa imekwisha.

Ndiyo maana nilikutumia maneno ya lebo yakiwa vile yalivyokuwa: paka ngozini, rudia kila baada ya saa moja, na ukienda kulala lala ndani ya neti. Wewe ukaniambia lebo si katiba. Ulichorudisha ni picha ya mbu analia machozi, na chini yake kwa herufi nyekundu: PAKA MARA MOJA, LALA FOFOFO HADI ASUBUHI. Ulikuwa umeshawalipa watu wa uchapishaji, na lebo elfu mbili zikafika kwa boksi.

Nitasema na langu, nisije nikawa nyani asiyeona kundule. Niliisoma ile lebo mara mbili. Nilijua ni uongo, na nikanyamaza. Ilikuwa inapendeza, na wanafunzi wa chuo walikuwa wakipiga picha yule mbu wako na kumcheka, kisha wananunua. Nikajiambia kwamba kila mtu anajua neti ni neti. Hilo ni kosa langu na sitakuachia ulibebe peke yako.

Lakini wewe na mimi tumezaliwa huku, tulipaswa kujua watu wetu. Huku kwetu dawa lazima ijitangaze. Isipowasha au kunuka, watu wanasema wamepewa maji. Mafuta haya yananuka hadi asubuhi, kwa hiyo yanafanya kazi hadi asubuhi. Na kama lebo imesema hivyo pia, imeandikwa na kijana wa kwetu aliye ng'ambo, nani tena wa kuuliza?

Mwaitu, mama yetu, hakuuliza. Mwezi wa nne alivua neti yake pale kitandani, akaenda kufunika miche ya sukuma wiki ili kuku wasiichakure. Aliona ni akili. Neti imekosa kazi, na kuku wanasumbua. Tena akaenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa pale nyumbani Tawa na chupa kwenye kiondo, akawasomea ile lebo akiwa amesimama, akawaambia nani aliyeiandika. Mimi nilikuwa huku Kitui nikichemsha pipa. Sikujua.

Mwezi wa sita jirani yake Nthiwa akanipigia kwamba Mwaitu anatetemeka chini ya blanketi tatu saa sita mchana. Nilipofika hospitali alikuwa amewekewa maji, macho ya njano, na wadi nzima inanukia sitronela. Daktari, kijana mpole tu, akamuuliza kama analala ndani ya neti. Mwaitu akatoa chupa chini ya mto.

"Nani alikuuzia hii, mama?"

"Si kuuziwa. Ni ya watoto wangu. Huyu ndio anapika, na yule wa ng'ambo ndio aliandika."

Daktari akasoma, akanigeukia. "Dada, hii ni kama pafyumu. Inanukia poa, lakini harufu si neti."

Wagonjwa wote walinitazama. Sijawahi kuona haya namna hiyo tangu nizaliwe, na nilistahili. Alilala huko siku tano. Daktari alipotupa ruhusa alinivuta kando akasema damu yake iko chini sana, na homa ya pili katika umri wa miaka sabini na minne itakuwa hadithi nyingine. Hayo nilikuambia siku hiyo hiyo.

Sasa fika hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo nina hasira.

Ulimpigia simu jioni hiyo. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake, spika iko juu, nikingoja useme lile neno moja. Ukasema, "Pole, mama. Labda hukupaka ya kutosha."

Mbaluka! Ungekuwa karibu ningekurushia kiatu. Najua hukutaka kumhuzunisha. Najua ni vigumu mwana kukiri akiwa mbali hivyo. Lakini ulimpaka mama yako mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye akaitikia, akasema ni kweli, alipaka kidogo. Siku hizi anamaliza nusu chupa kila jioni. Shingo imejaa vipele. Analala wazi, ananukia, anashukuru Mungu.

Usidhani nimekaa nikinung'unika tu. Nilinunua neti mpya, nikaenda Tawa, nikapiga misumari na kuitundika kwa mikono yangu. Niliporudi baada ya wiki mbili ilikuwa juu ya kitalu cha vitunguu. Nikateremka hadi ukingoni mwa mto pale wanapochimba mchanga kuchota maji, nikahesabu neti saba, zote zimefunika miche. Wale aliowasomea lebo wamefuata mfano. Sijawahi kuona mboga zilizolindwa na malaria kiasi hicho.

Kwenye kikundi nako hakuna amani. Nilisema lebo zote zibanduliwe. Kanyiva akaniuliza nani atanunua mafuta ya saa moja. Tulibishana hadi pipa likaungua chini. Mwishowe wanne wetu tulilowesha chupa kwenye maji moto nyuma ya duka la Mama Deqa, tukazikwangua moja moja kwa wembe, na wengine wakaenda nyumbani bila kuaga. Mama Deqa mwenyewe alishusha zile za rafuni kwake bila kuombwa. Akaniambia, "Mishumaa nitauza. Hiyo ingine ulete ikiwa na ukweli, Mama Jonah." Yule hata si wa kikundi, lakini ndiye aliyenipa moyo.

Basi nikaandika ukweli kwa kalamu ya wino mzito, chupa kwa chupa, nikampelekea Mwaitu moja. Aliigeuza geuza. Akasema nimeuziwa feki, kwa sababu haina mbu anayelia. Mimi, Kalekye, niliyekata majani, niliyepika, niliyejaza ile chupa, nimeuziwa feki! Nilitaka kucheka, nikajikuta ninalia pale jikoni kwake. Alinifuta machozi kwa leso yake inayonuka sitronela, akaniambia nimekuwa mwoga tangu utotoni. "Mbaluka hawezi kuandika uongo. Ingekuwa uongo angeniambia."

Nabii hana heshima kwao, nimekubali. Mimi ndiye niliyemwosha jasho la homa, lakini anayeaminiwa ni wewe. Sikuonei wivu tena kwa hilo. Nataka tu ukitumie hicho ulichopewa.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Mbooni. Kwa hesabu yangu mvua itashuka kabla mwezi huu haujaisha, na mbu watafuata wiki mbili baadaye. Jumapili baada ya kanisa Mwaitu hula kwa Nthiwa, na Nthiwa ana simu yenye sauti nzuri. Piga saa nane. Usimtumie pesa kwanza, usimuulize habari za kuku. Mwambie, "Mama, niliandika uongo. Tundika neti leo." Halafu ngoja kwenye simu, usikate, mpaka Nthiwa akuambie ameiona imefungwa juu ya kitanda. Wale wengine saba watamfuata, kama walivyomfuata mara ya kwanza. Pengine atalia. Mwache alie. Machozi ya aibu hayana homa.

Ukishindwa na hilo, nakuomba usinitumie nauli ya kumkimbiza hospitali. Njoo umbebe mwenyewe.

Munyao anakusalimu na kukuuliza kama huko kuna dawa ya goti. Jonah anasema asante kwa viatu, vimemtosha na nafasi imebaki. Shangazi Kalunde anataka kujua utaoa lini, na nimemwambia akuulize mwenyewe. Hata Kanyiva anakusalimu, ingawa mimi na yeye tunazungumza kupitia watu.

Na Mwaitu anakusalimu kuliko wote. Hajui ninachokuandikia. Nilipomwambia natuma barua alinishika mkono, akaniomba nikuambie kwamba alipona kwa sababu ya mafuta yako, na kwamba kila jioni akijipaka anakuombea wewe kwanza.

Mungu akuepushe na mabaya ya huko, na akupe ulimi wa kusema ukweli huku bado kuna masikio ya kuusikia.

Dada yako akupendaye, tena akiwa amekasirika,

Kalekye