Shati la Mistari

Mwenzio nimeumbuka! Nimejifungia bafuni, nakuandikia huku nimekalia ndoo.

Nilikuwa natafuta cheti changu cha ualimu, nikakutana na picha za chuo. Mrefu yumo! Yule yule niliyemlilia mwezi mzima ukanibembeleza wewe. Kasimama na lile shati la mistari ya bluu.

Basi mama mzima wa watoto watatu nikakaa sakafuni, nikaanza kuipapasa picha. Nikasema kwa sauti, wee, kwa sauti: "Shati hili ndilo lililonimaliza."

Kumbe baba watoto yuko mlangoni!

Kaichukua picha, kaiangalia weee. Si unakumbuka yeye na Mrefu walikaa chumba kimoja bwenini? Nikajua leo narudishwa kwetu.

Akasema, "Hili shati ni langu. Aliliazima, mpaka leo hajalirudisha."

Shati lake! Miaka kumi na tisa namuota Mrefu, kumbe naota nguo ya mume wangu!

Nikajichekesha, nikamuuliza mbona yeye sikuwahi kumwona nalo.

Hakucheka. "Nililivaa wiki nzima kabla hajaliazima, nikikaa mbele yako darasani."

Sasa niambie, humu bafuni natoka na uso gani?