Asumini Mbele ya Rejeta

Mji wa Kale, Mombasa

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Wundanyi? Mimi ni mzima, hata nimenona, na barua hii nakuandikia kukushukuru.

Lile gari la Kiingereza la viti viwili, lililoundwa kabla ya vita vya Hitler na kuletwa hapa na babu yake tajiri wangu, Bwana Salim, hatimaye limetembea. Halina pampu ya maji wala feni. Maji yakishika moto hupanda yenyewe hadi kwenye rejeta, upepo ukayapoza, yakashuka tena. Ni sawasawa na injini ya mashine yako ya kusagia mahindi, ila hii inajipodoa.

Ijumaa Bwana Salim alimwoza mwanawe wa kiume. Kazi yangu ilikuwa kumchukua bwana harusi msikitini baada ya nikahi na kumpeleka nyumbani kwa bibi harusi. Nilipoingia ndani kuvaa kanzu ya kuazima, mashangazi wakalipamba gari. Kurudi, uso wote wa rejeta umefunikwa mashada ya asumini, upepo hauna pa kupita. Nikaona haya kuwavunjia baraka zao.

Basi tulipofika barabara ya Ndia Kuu, mwendo wa kobe katikati ya matari na vigelegele, mvuke ukafoka. Bwana Salim akaja mbio na ndoo ya maji baridi. Bloku ile ya injini ikipasuka kwa baridi, sijui nyingine itatoka wapi, na kibarua changu kimeota nyasi.

Nikamshika mkono.

"Wanizuia mbele ya watu?"

"Niwie radhi, Bwana. Chuma cha moto hakitaki kushtuliwa."

Maneno yako hayo, Baba. Yalinitoka kabla sijayatafuta.

Nikazima injini, nikayaondoa mashada, tukangoja. Bwana harusi akilowa jasho, matari hayakunyamaza. Muuza kahawa akaleta birika la maji moto, nikayatia kwenye rejeta kidogo kidogo. Nikazungusha hendeli ya kuwashia, likanguruma! Tulipofika kwa bibi harusi, Bwana Salim akanipa ufunguo.

"Kaa nao wewe. Asiliguse mwengine."

Jioni mama yake Bwana Salim, Bi Zuhura, akaniita.

"Mwanangu, ni nani alokufunza?"

Nikamtajia jina lako, na la babu yangu pia, aliyekufunza wewe. Akayarudia polepole, asije akayasahau kwenye dua zake. Nililia, Baba, sikuficha.

Nisalimie dada yangu mwalimu wa chekechea, na mjomba anayekataa kuvaa miwani.

Humu bahashani nimetia asumini chache zilizokaa mbele ya rejeta. Zimekauka. Mama atasikia harufu ya maua. Wewe utasikia ya oili.

Mwanao akupendaye,
Mwadime