Visigino vya Mwerezi

Antigua, 22 Februari 1994

Mpendwa dada Amarilis,

Salamu nyingi kama vumbi la mbao lililojaa nywele zangu. Mimi mzima na nazidi kupendeza, sijui wewe na kaka Nery hapo Pasajoc. Mguu wake unamsumbua na baridi hii? Mwambie gongo jipya namchongea mwenyewe, maana Fundi Hilario anasema hajawahi kupata mwanafunzi mwenye mkono kama wangu. (Hajasema. Lakini anafikiria, namwona.)

Sasa kaa chini. Jumamosi nilikwenda kujiandikisha kubeba jukwaa la sanamu ya Yesu kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu. Unajua wanavyopima bega kwa fimbo, warefu na warefu, wafupi na wafupi, ili mzigo usimwangukie mtu mmoja. Kwenye foleni nikamwona nani? Gudiel! Gudiel yuleyule aliyeendesha gari amelewa, Nery akiwa nyuma, akaliangusha korongoni, halafu akatoroka kijiji bila hata kusema pole. Miaka mitatu! Kumbe yuko hapahapa anachomelea vyuma, mashavu yamemjaa.

Foleni ilikuwa ndefu mpaka kona ya pili, kwa hiyo nilikimbia karakana, nikachonga visigino viwili vya mwerezi, unene wa vidole vitatu, nikavitia ndani ya mabuti, suruali ikafunika. Nikarudi, nikajichomeka mbele yake. Nikapimwa, nikawa sawa naye kabisa! Kadi yangu namba ishirini na nne, yake ishirini na tano, nyuma ya kisogo changu. Alinitambua. Akaangalia viatu vyake mwenyewe.

Sikia akili ya mdogo wako. Siku yenyewe nitakuja na viatu vya kawaida. Bega langu halitaufikia mti wa jukwaa. Nitatembea chini yake napunga upepo, na Gudiel atabeba mzigo wake na wangu mtaa mzima. Goti lake la kushoto ni bovu tangu ajali ile. Likivunjika, livunjike. Mimi sitakuwa nimemgusa hata kwa ukucha.

Ni mimi mdogo wako mwenye akili nyingi,
Selvin


Pasajoc, 28 Februari

Kwako mdogo wangu Selvin,

Salamu. Sisi wazima, Nery ana kikohozi kidogo tu. Barua yako sikumsomea. Nimemwambia umeandika habari za vumbi la mbao.

Ulipoacha shule darasa la nne nilijua utaandika vibaya. Sikujua utafikiri vibaya. Uingie chini ya Yesu mwenye msalaba wake begani, na wewe umemtegea mtu mtego hapohapo chini ya miguu yake? Huoni haya?

Hilo wazo halikuja kubwa hivyo. Lilikuja dogo, likapiga hodi, wewe ukalipatia kiti, ukalimiminia kahawa, na sasa ndilo linalokutuma. Kupiga hodi huwezi kulizuia. Kiti ndicho chako. Likija mwambie Yesu, "Huyu amekuja tena, mpokee wewe, mimi nina kazi mkononi." Kisha fanya hiyo kazi. Mimi husema hivyo nikiwa na unga wa chapati za mahindi mpaka kwenye viwiko, na linaondoka. Haliendi mbali, linaishia uani. Lakini linaondoka.

Kabadilishe kadi.

Dada yako,
Amarilis


Antigua, 10 Machi

Mtakatifu Amarilis wa Pasajoc, utuombee!

Hujambo dada? Mimi sijambo, ila nimekata kidole, kidogo tu, fundi kalia kuliko mimi. Kikohozi cha Nery kimeisha?

Dawa yako nimeijaribu, usije ukasema mimi mbishi. Jumatatu napiga randa, wazo hilo hapo. Nikasema maneno yako kama yalivyo. Likaondoka, likarudi na shangazi zake. Mpaka saa ya kula nilikuwa nimemwita Yesu mara kumi na nane, nikaona haya, atasema huyu kijana hana shughuli.

Na nikuambie ukweli, kwako ni rahisi. Wewe tangu mdogo ni kanisani na wimbo mdomoni. Gudiel akitokea mlangoni utampa chapati ya moto na chumvi juu. Mimi nimemwona Nery akipanda ngazi ya kanisa kwa makalio kama mtoto. Kadi sibadilishi.

Mdogo wako mkaidi,
Selvin


Pasajoc, 17 Machi

Selvin mdogo wangu,

Salamu leo ni fupi. Tu wazima.

Umeniita mtakatifu, nimecheka mpaka Nery akauliza kuna nini. Nikuambie jambo ambalo padri peke yake analijua. Kila asubuhi napiga chapati mia mbili za kuuza. Miaka mitatu, kila chapati imekuwa shavu la Gudiel. Pa, pa, pa. Sokoni wananisifu chapati zangu nyembamba, hawajui wembamba unatoka wapi. Nimewahi kusimama kwenye foleni ya komunyo nikiomba mguu wake uoze.

Mwaka juzi, siku ya mvua, mama yake alikuja kununua. Nikamwambia zimeisha. Kikapu kilikuwa ubavuni mwangu, kimejaa, kinatoa mvuke. Aliuona mvuke ule. Akasema, "Asante binti yangu," akaenda zake na mvua yake. Alikufa Novemba, na ile chapati sikumpa.

Kwa hiyo usiniambie rahisi. Mimi nililipatia wazo kiti, likakaa mpaka likamfukuza mama mzee mwenye njaa. Ndiyo maana sasa nasimama mlangoni. Mara kumi na nane, Selvin? Mimi siku nyingine ni mia mbili, moja kwa kila chapati. Yesu hachoki. Nimemjaribu.

Dada yako,
Amarilis


Antigua, 27 Machi, Jumapili ya Matawi

Mpendwa dada,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, nami ni mzima kuliko nilivyokuwa mwezi huu wote.

Yako niliisomea juu ya rundo la mbao, vumbi likaniingia machoni, yote mawili. Sitasema zaidi. Jana nimevichukua vile visigino nikavitupa kwenye jiko la gundi. Vikaungua! Mwerezi unanukia, fundi akadhani nimeleta ubani. Kwa hiyo ule ujanja wa mabuti umekwisha, mtego umekuwa majivu, na mdogo wako yuko safi kama glovu nyeupe atakazovaa Ijumaa. Nitabeba mzigo wangu, Gudiel abebe wake.

Unaweza kuniita Mtakatifu Selvin, sitakataa. Barua anakuletea mama muuza maua.

Mdogo wako aliyeongoka,
Selvin


Pasajoc, 30 Machi

Selvin!

Umevichoma? Mjinga wa Mungu! Mtego haukuwa visigino. Visigino ndivyo vilivyokufikisha kwenye mti! Bila hivyo bega lako litabaki hewani, na Gudiel atabeba mzigo wa watu wawili kwa lile goti, vilevile ulivyopanga mwanzo. Chonga vingine leo hii.

Muuza maua hashuki tena mpaka baada ya Pasaka. Natafuta mtu wa kumpa barua.

Dada yako


Antigua, 4 Aprili

Mpendwa dada Amarilis,

Kristo amefufuka, miguu yangu bado. Mnaendeleaje?

Barua yako imefika leo Jumatatu. Asante. Nilikuwa nimeshagundua Ijumaa saa tatu asubuhi, chini ya jukwaa, nimevaa kanzu ya zambarau na viatu vyangu vya soli nyembamba, najiona malaika. Kengele ikalia, watu themanini wakaingiza mabega. Mti ukapita juu ya bega langu kama dari. Ungeweza kupitisha kitabu cha sala katikati. Nyuma yangu nikamsikia Gudiel akitoa pumzi kama mtu aliyepigwa tumboni.

Dada! Nilikuwa nimetubu, na bado nilikuwa namuua.

Basi nikasimama kwa ncha za vidole. Nikaufikia. Hatua kumi tu, miguu ikaanza kutetemeka kama mashine ya kusaga. Hapo wazo likaja, na safari hii halikuja na hasira. Lilikuja na mto wa kulalia. "Shusha visigino tu, Selvin. Hujafanya kitu. Umechoka, pumzika." Yesu alikuwa juu ya kichwa changu kabisa, naona ubao ulio chini ya miguu yake. Nikamwambia, "Huyu amekuja tena, mpokee wewe, mimi bega langu lina kazi." Hatua tatu, likarudi. Nikamwambia tena. Mara mbili nilishuka, sikudanganyi, na mara mbili nilimsikia anaguna. Nikapanda tena. Mtaa mzima, dada. Yale mazulia ya vumbi la mbao yanayotandazwa barabarani, niliyoyatia rangi wiki nzima, nimeyakanyaga bila kuona ua hata moja.

Tulipobadilishwa na wabebaji wengine nilikaa chini ukutani. Gudiel akaja anachechemea.

"We dogo, mbona ulikuwa unanyata kama mwizi wa kuku?"

Nikamwambia yote. Visigino, mpango, goti lake, jiko la gundi. Nilidhani atanipiga, na kukimbia nisingeweza.

Akakaa chini. Akavua glovu moja, akaivaa tena. "Nery anatembea?"

"Kwa gongo."

"Jina langu huwa analitaja?"

"Akishindwa ngazi."

Muziki ukafika kona ya mbali. Kisha akasema, "Nikienda, dada yako atanitoa na ufagio."

Nikasema, "Atakutoa. Nenda hivyohivyo."

Sijui kama atakuja. Lakini akija, ujue ni mimi niliyemtuma, na unipige mimi.

Mdogo wako mwenye miguu iliyokufa,
Selvin


Pasajoc, 18 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Selvin,

Salamu zako zimefika, na gongo limefika. Nery anasema ni fupi kidogo. Nimemwambia fundi wake ana historia na vipimo. Paka miguu yako mafuta ya moto.

Alikuja jana, baada ya misa. Nilikuwa nafagia, kwa hiyo ufagio nilikuwa nao kweli mkononi. Alisimama nje kofia kifuani, na lile wazo likafika kabla hajafungua mdomo, likapita mbele yake, likataka kukaa. Nikamwambia Yesu ampokee mgeni wake. Wa kwangu nikamwambia, "Pita, Gudiel."

Kiti tunacho kimoja, unakijua, kile chenye mguu uliofungwa waya. Nilimpa. Alikaa nusu kalio kwa woga wa kukivunja. Nery alijiinua kitandani, akamtazama, akasema, "Umenenepa." Nikawaacha.

Walizungumza mpaka kahawa ikapoa. Sikusikiliza. Nilimsikia mmoja akilia, sijui yupi, na baadaye sana nikamsikia Nery akimtukana kama zamani walipokuwa wakicheza mpira.

Mimi nilikuwa jikoni napiga chapati za chakula. Nilipiga kumi na mbili, Selvin. Zilikuwa nene, mbaya, hata sokoni nisingeziuza. Zote zilikuwa chapati tu.

Ni mimi dada yako,
Amarilis